Dubu msafiri: Mgeni wa darasani anayewafunza watoto kujitambua

KATIKA baadhi ya madarasa ya shule za msingi duniani huwamo mwanafunzi mmoja ambaye jina lake halimo katika daftari la mahudhurio. Hajibu maswali, hali chakula cha mchana, wala haongezeki kimo. Ni dubu mwanasesere, aliyeshonwa kwa kitambaa cha manyoya na kujazwa pamba, ambaye amefika hapo kwa posta kutoka shule ya nchi nyingine. Shingoni ana kitambulisho chenye jina lake na la shule yake, mgongoni amebeba mkoba mdogo, na ndani ya mkoba huo mna daftari tupu.

Daftari hilo ndilo kiini cha safari yote. Kwa wiki kadhaa, wanafunzi wenyeji humchukua mgeni wao nyumbani kwa zamu, humpeleka sokoni, uwanjani na katika nyumba za ibada, kisha huandika kila alichokiona. Huandika kana kwamba anayeandika ni dubu mwenyewe, akiwasimulia wenzake waliobaki kwao. Wakati huohuo, dubu wa darasa hilo naye yuko ugenini katika shule ya upande wa pili, akiandikiwa habari zake. Muda uliokubaliwa ukiisha, kila mmoja hurudi kwao akiwa na shajara iliyojaa.

Kwa mtazamaji wa mbali, huo ni mchezo wa watoto. Hata hivyo, historia yake inaonyesha kuwa utaratibu huo una misingi ya zamani katika elimu, na kwamba mafanikio yake hutegemea mambo mawili ambayo watu wazima huyasahau kwa urahisi: usawa kati ya pande mbili, na ahadi ya kumrudisha mgeni kwao.

Chimbuko la jina

Dubu wa kuchezea anayejulikana dunia nzima kwa jina la Teddy alipewa jina hilo kutokana na Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt. Mwezi Novemba 1902, Roosevelt alikwenda kuwinda katika jimbo la Mississippi. Waongozaji wake walimkamata dubu, wakamfunga kwenye mti na kumwita rais ampige risasi. Roosevelt alikataa, akisema si uungwana kumwua mnyama aliyefungwa, ingawa aliagiza wengine wammalize kwa kuwa alikwisha kujeruhiwa.

Mchoraji wa katuni, Clifford Berryman, alilichora tukio hilo katika gazeti la Washington Post, na mwenye duka mmoja wa Brooklyn, Morris Michtom, pamoja na mkewe wakashona dubu wa kitambaa na kumwuza kwa jina la rais huyo. Katika kipindi hichohicho, kiwanda cha Steiff nchini Ujerumani nacho kilianza kutengeneza dubu wa aina hiyo.

Roosevelt mwenyewe hakuacha kuwinda. Baada ya kuondoka madarakani, alitua Mombasa mwezi Aprili 1909 na kuanza msafara uliopita Afrika Mashariki hadi Khartoum, ambao ulipeleka katika jumba la makumbusho la Smithsonian zaidi ya wanyama 11,000, wakubwa kwa wadogo, wakiwamo wadudu. Kwa hiyo, dubu anayetumwa leo katika shule ya Mombasa hufika mahali ambapo mtu aliyempa jina lake aliwahi kushuka melini akiwa na bunduki.

Wanasesere wa mwaka 1927

Wazo la watoto wa shule moja kuwatumia vifurushi wenzao wa mbali halikuanza na dubu. Nchini Ufaransa, katika miaka ya 1920, mwalimu Célestin Freinet wa kijiji cha Bar-sur-Loup aliingiza mtambo mdogo wa uchapaji darasani. Mwaka 1926 wanafunzi wake wa kusini, karibu na Bahari ya Mediterania, walianza kubadilishana maandishi na watoto wa Trégunc, kwenye pwani ya Atlantiki. Freinet aliamini kuwa mtoto huandika vizuri zaidi anapojua kwamba yupo mtu wa kweli anayesubiri kusoma.

Mwaka uliofuata lilitokea jambo kubwa zaidi. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1924 ilikuwa imewafungia mlango Wajapani, na uhusiano wa nchi hizo mbili ukaingia doa. Sidney Gulick, mmisionari aliyeishi Japani kwa miaka mingi, aliongoza kamati iliyowahamasisha watoto wa Marekani kuwatumia wenzao wa Japani wanasesere kwa ajili ya sikukuu ya wasichana ya Machi 3. Wanasesere zaidi ya 12,000 walivuka bahari, kila mmoja akiwa na pasipoti yake na barua ya urafiki. Upande wa Japani, mapokezi yalisimamiwa na mfanyabiashara mashuhuri Shibusawa Eiichi, na wageni hao wakagawanywa katika shule za msingi na za chekechea. Mwishoni mwa mwaka huo, Japani ilijibu kwa kupeleka Marekani wanasesere wakubwa 58.

Vita vilipozuka kati ya nchi hizo Desemba 1941, wanasesere wenye macho ya bluu waligeuka kuwa maadui. Wengi walichomwa moto, na wengine kuchomwa kwa mikuki ya mianzi mbele ya watoto walewale waliowapokea kwa nyimbo. Lakini katika shule kadhaa walikuwamo watu waliowaficha wasionekane. Wanasesere wapatao 300 ndio wanaojulikana kunusurika.

Kisa hicho kina mafunzo mawili kwa waandaaji wa safari za dubu. La kwanza ni kwamba mwanasesere hawezi kuzuia vita ambavyo watu wazima wamekwisha kuviamua. La pili ni kwamba, kwa aliyempokea na kumpa jina, mgeni yule hakuwa tena kitu cha kuchezea tu, ndiyo maana wapo waliothubutu kumficha.

Kutoka barua hadi intaneti

Utaratibu wa sasa ulipata nguvu mpya barua pepe ilipoingia shuleni. Mtandao wa iEARN, ulioanza mwaka 1988 kwa kuziunganisha shule za jimbo la New York na za Moscow, una mradi wa kubadilishana dubu unaowalenga watoto wadogo, ambao umedumu kwa miaka mingi. Mwalimu hujiandikisha, hutafutiwa mwenzake wa nchi nyingine, na madarasa hayo mawili hutumiana dubu au mwanasesere mwingine laini. Dubu husafiri kwa posta, lakini shajara yake hutangulia kwa intaneti, hivyo waliobaki nyumbani huweza kumfuatilia tangu siku anapowasili.

Mradi mwingine uliopata umaarufu ulianzishwa mwaka 1995 na Dale Hubert, mwalimu wa darasa la tatu katika mji wa London, jimbo la Ontario nchini Kanada. Yeye alitumia mhusika wa kitabu cha Jeff Brown cha mwaka 1964, Flat Stanley, kinachohusu mvulana aliyeangukiwa na ubao hadi akawa bapa kama karatasi na kuweza kusafiri ndani ya bahasha. Mvulana wa karatasi ana faida moja kubwa juu ya dubu: gharama yake ya safari haizidi ile ya barua.

Barani Ulaya, mpango wa eTwinning uliozinduliwa mwaka 2005 chini ya Kamisheni ya Ulaya uliwarahisishia walimu kupata washirika, na wanasesere wasafiri wakawa sehemu ya kawaida ya miradi ya watoto wadogo. Wapo hata dubu waliokwenda mbali kuliko posta yoyote. Mwezi Februari 1995, dubu aliyeitwa Magellan, kutoka shule ya msingi ya jimbo la Colorado nchini Marekani, aliruka katika anga za juu ndani ya chombo cha Discovery.

Safari inavyopangwa

Maandalizi huanza na kalenda, kwa kuwa mihula ya shule haifanani duniani. Tanzania na Kenya hufungua mwaka wa masomo mwezi Januari, Australia mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, Japani mwezi Aprili, na nchi nyingi za Ulaya na Amerika Kaskazini kati ya Agosti na Septemba. Dubu anayetumwa bila hesabu hiyo huweza kufika siku shule inapofungwa, akakaa kabatini mwezi mzima. Kwa shule ya Tanzania na mwenzake wa Ulaya, vipindi vinavyofaa ni kati ya Februari na Mei, au kuanzia Septemba hadi Novemba.

Hatua inayofuata ni kumtayarisha msafiri. Watoto humchagulia jina, humwandikia wasifu, na kumfungashia vitu vichache vya kueleza kwao ni wapi: ramani waliyochora, picha ya shule, labda vazi dogo. Si lazima awe dubu. Nchi za Afrika Mashariki hazina dubu wa porini, na watoto wengi wa huku wanamjua mnyama huyo kwa picha tu. Twiga, tembo au simba aliyeshonwa na wanafunzi wenyewe kwa vipande vya kitenge huwa na habari nyingi zaidi za kusimulia kuliko dubu aliyenunuliwa dukani.

Mwisho, walimu wawili hukubaliana mambo ya msingi: mgeni atakaa muda gani, shajara itatumwa mara ngapi na kwa lugha gani, nani atalipa nini, na itakuwaje akipotea. Idadi ya wanafunzi nayo huzingatiwa. Darasa la watoto 60 likitaka dubu alale kwa kila mtoto usiku mmoja katika siku tano za shule, litahitaji wiki 12. Katika madarasa makubwa kama hayo, zamu hutolewa kwa vikundi, na kila kikundi huandika ukurasa mmoja kwa pamoja.

Shajara ya mgeni

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la dubu ni kalamu. Thamani ya mradi haitokani na dubu kuwapo darasani, bali na kazi ambayo uwepo wake humlazimisha mwenyeji kuifanya. Mtoto anayeandika kwa niaba ya mgeni hana budi kuyatazama maisha yake mwenyewe kwa macho ya asiyeyajua, na kuyaeleza yale ambayo hajawahi kufikiri kuwa yanahitaji maelezo.

Chukua mfano wa dubu kutoka Uingereza aliyefikia darasa la nne mjini Dodoma. Mtoto anaandika kwamba dubu aliamka saa 12 asubuhi na kuingia darasani saa 2. Barua hiyo ikitafsiriwa neno kwa neno, wenzake wa Uingereza watashangaa mtu kuamka saa 6 mchana kwa hesabu ya Kiswahili na kuingia darasani usiku wa manane. Swali lao likirudi Dodoma, watoto hulazimika kueleza kuwa saa za Kiswahili huhesabiwa tangu macheo, na kwamba hilo linawezekana kwa kuwa, karibu na ikweta, jua halibadilishi sana saa ya kuchomoza mwaka mzima. Uingereza nako watoto wataeleza kwamba London, kwa hesabu hiyohiyo ya Kiswahili, jua huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri mwezi Juni na baada ya saa 2 asubuhi mwishoni mwa Desemba. Kosa moja la tafsiri linakuwa somo la jiografia kwa madarasa mawili, na kila upande umefundisha na kufundishwa.

Mara nyingine kinachojitokeza ni mfanano usiotarajiwa. Mwanafunzi wa Tanzania anayefagia uwanja wa shule asubuhi anaweza kudhani kuwa kazi hiyo ni dalili ya unyonge, na kwamba katika nchi tajiri kuna wafanyakazi wa kuifanya. Dubu akitoka Japani, shajara ya upande wa pili itamwonyesha kuwa wanafunzi wa huko nao hushika mifagio na vitambaa kusafisha madarasa yao, na hugawiana chakula cha mchana wenyewe kwa wenyewe. Ufagio ule hauonekani tena kama alama ya umaskini.

Suala la lugha nalo halina haja ya kuwa kikwazo. Shule nyingi za serikali nchini Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, na mtoto mdogo akilazimishwa kuandika kwa Kiingereza huishia sentensi tatu alizokariri. Baadhi ya miradi huacha kila upande uandike kwa lugha yake, walimu wakaongeza tafsiri chini. Wanaopokea husoma habari kamili, na papo hapo huona jinsi lugha nyingine inavyoandikwa.

Vikwazo vya posta na forodha

Kwa mujibu wa taratibu za Umoja wa Posta Duniani, kifurushi cha bidhaa kinachovuka mpaka huambatana na fomu ya tamko la forodha, inayojulikana kama CN22 kwa vifurushi vidogo na CN23 kwa vikubwa zaidi au vyenye thamani kubwa. Hapo hutajwa kilichomo, uzito na thamani yake. Dubu wa kawaida, pamoja na mkoba na daftari, huweza kubaki chini ya kilo mbili, uzito ambao ndio ukomo wa vifurushi vidogo. Dubu anayezungumza au kuwaka taa hafai, kwa sababu betri za lithiamu zina masharti makali katika usafiri wa anga.

Zawadi za kurudi nazo zinahitaji uangalifu. Mbegu, majani makavu, manyoya ya ndege, ngozi, makombe na matumbawe ni vitu ambavyo mtoto huviona vya kawaida, lakini huweza kutaifishwa mpakani. Australia na New Zealand zinajulikana kwa ukali wa ukaguzi wa vitu vya asili. Kanga, kadi zilizochorwa kwa mkono na maelekezo ya kutengeneza gari la waya hupita bila taabu.

Matukio makubwa ya dunia nayo humgusa msafiri huyu mdogo. Mwaka 2020, ndege zilipositishwa kutokana na UVIKO-19, huduma za posta kati ya nchi nyingi zilisimama. Mwishoni mwa Agosti 2025, Marekani ilipoondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800, mashirika mengi ya posta yalisitisha kwa muda kupeleka vifurushi huko, ingawa zawadi binafsi za thamani isiyozidi dola 100 ziliachwa nje ya ushuru huo.

Ikitokea dubu akapotea njiani, mwalimu hujikuta katika mtihani mgumu. Njia rahisi ni kununua mwingine anayefanana naye na kukaa kimya. Njia hiyo ni ya hatari, kwani watoto waliomshona jicho la kushoto kwa uzi mwekundu watalitafuta jicho hilo kwanza. Njia bora ni kuwaambia ukweli, kuwaonyesha namba ya kifurushi, na kuwashirikisha kuandika barua ya ufuatiliaji posta. Shajara iliyokwisha kutumwa kwa barua pepe huwa ndiyo akiba iliyobaki.

Kuhusu usalama, picha za watoto hazipaswi kusambazwa bila ridhaa ya wazazi. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019 na Tanzania tangu mwaka 2022. Kumpiga picha dubu, badala ya nyuso za wanafunzi, ni njia mojawapo ya kuepuka tatizo hilo.

Mgeni asigeuke mfadhili

Jaribu kubwa zaidi hujitokeza pale shule moja inapokuwa na uwezo kuliko nyingine. Dubu hufika kutoka nchi tajiri akiwa na madaftari, kalamu na pipi za kutosha darasa zima. Watoto hufurahi, na hawana kosa. Lakini tangu siku hiyo shajara hugeuka barua ya shukrani, na upande wa pili huanza kuuliza shule ile inahitaji nini badala ya kuuliza inaishi vipi. Hapo panakuwa na mtoaji na mpokeaji, si wenyeji wawili tena.

Gharama nazo hufuata mkondo huo. Nauli ya posta ya kumpeleka dubu ng'ambo huweza kupita bei ya dubu mwenyewe, na shule ya serikali haina fungu la bajeti kwa ajili hiyo. Nchini Tanzania, tangu elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa mwaka 2016, mwalimu hawezi kuwatoza wanafunzi mchango wa lazima; huhitaji kuelewana na wazazi na kamati ya shule. Shule nyingine huamua washirika walipane kwa zamu, mmoja safari ya kwenda na mwingine ya kurudi, au hutuma mwanasesere mwepesi anayeingia katika bahasha.

Ndiyo maana kanuni ya kubadilishana, kila darasa likituma na kupokea, haipaswi kulegezwa kwa huruma. Darasa lisilotuma mgeni wake halipati nafasi ya kusubiri, na kusubiri ni nusu ya somo. Mtoto aliyemkabidhi mwenzake asiyemjua kitu anachokipenda, akaambiwa kitarudi, huwa ameingia katika mapatano ya kwanza ya kimataifa maishani mwake. Siku kifurushi kinapofunguliwa, kikiwa na mihuri ya posta za nchi mbili, na dubu akatoka akiwa amechakaa kidogo, ana harufu ya nyumba nyingine na daftari lake limejaa, watoto hao hupata ushahidi kwamba watu wa mbali waliahidi na wametimiza.